Hukumu za Mama Foronya

Tega sikio, jirani yangu, na kama redio yako inaunguruma hapo mezani, ipunguze kwanza. Habari hii ni ya watu wema waliofanya ubaya huku machozi ya huruma yakiwatoka. Siisimulii ili kumsema mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa shabiki wa mchezo ule wa redio, na nilipopata kuijua habari hii yote nilishindwa kumaliza chai yangu.

Palikuwa na nyumba moja ya udobi, yenye ua mpana uliofungwa kamba ukuta hadi ukuta. Ungepita pale asubuhi ungekuta shuka nyeupe za hoteli zimetulia juani, mashine mbili zinanguruma chini ya kibanda cha mabati, na harufu ya sabuni imefika barabarani. Mwenye udobi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, ambaye watoto wake walishaoa na kuolewa wakaenda zao. Mashine alimwachia binamu yake, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Pasi alimwachia mzee mmoja mwembamba ambaye wote walimwita Mpiga Pasi. Mzee huyu aliapa kwamba hajawahi kuunguza nguo tangu azaliwe, ingawa kola za mtaa mzima zilijua ukweli.

Kazi ya kukunja ilikuwa ya mdogo wa kiume wa mwenye udobi na mkewe. Kama hujawahi kukunja shuka za hoteli, nikueleze kidogo. Shuka kubwa ni kazi ya watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, wanaivuta mpaka inanyooka, wanakutanisha pembe, kisha mmoja anamwendea mwenzake na kumkabidhi ncha zake, na mwenzake anainama kuokota mkunjo wa chini. Wanaachana, wanakutana, wanaachana tena. Mume na mke hawa walifanya hivyo kuanzia asubuhi bila kusemezana, kwa kuwa mmoja alijua mkono wa mwenzake utakuwa wapi. Mke alikuwa mwepesi hata akapewa jina la Chapchap, na jina likamganda hadi mumewe akasahau kumwita jingine.

Saa kumi alasiri pasi zilizimwa. Wote watano walikusanyika chumba cha kukunjia kusikiliza mchezo wa redio, habari za kikosi cha waokoaji wa milimani. Nusu saa ile haikuwa na mzaha. Na mchezo ukiisha, walikuwa na desturi yao ambayo sijaiona kwingine. Ukutani palikuwa na msumari wenye vibanio vitano vya nguo, kila mtu na rangi yake. Juu ya msumari ilipita kamba. Aliyeona kwamba mtu fulani katika mchezo ametenda vyema alibana kibanio chake upande wa dirisha. Aliyeona ametenda vibaya alibana upande wa mlango. Kisha walihesabu, wakabishana, wakacheka, wakawasha pasi. Kibanio chekundu kilikuwa cha mwenye udobi, cha bluu cha Mpiga Pasi, cha kijani cha binamu, cha njano cha mdogo wake. Cha Chapchap kilikuwa cha mti, maana alisema vya plastiki havina adabu.

Ndivyo walivyoishi, na walikuwa na raha zao.

Jumanne moja mume na mke walipeleka shuka hotelini kwa pikapu. Kwenye kona ya mteremko breki zikakataa. Pikapu iliacha njia, ikaingia korongoni ubavuubavu, na mabunda yote ya shuka yakawafukia wao wawili mle mbele. Milango ilikunjamana. Watu walikuja na nyundo, wakaja na kamba, wakasubiri mashine ya kukata chuma itoke mjini. Ilichukua masaa matatu. Chapchap alitolewa na mkono umevunjika. Mumewe alitolewa amekufa.

Nini kilipita katika masaa yale matatu, hakuna aliyejua. Aliyeokota maneno ya mwisho ya marehemu, kama yalikuwepo, alikuwa mmoja tu.

Mwenye udobi hakulia mazishini. Watu walisema ana moyo mgumu, lakini sivyo. Alikuwa amekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa usiku kucha, ambao unauona ni wako lakini ukiugusa hauna habari. Alimlea mdogo wake yule tangu ana miaka minne. Alipika, akapokea wageni, akaosha vyombo, na siku ya tatu akawasha mashine. Kibanio cha njano kilibaki kwenye msumari, hakuna aliyekigusa. Kitu kimoja alikitaka kuliko vyote, nacho ni kujua mdogo wake alisema nini mle ndani. Na kitu kimoja alikiogopa kuliko vyote, nacho kilikuwa hichohicho.

Chapchap alirudi kazini mkono ulipounga. Aliyerudi hakuwa yule. Hakutaka mlango wowote ufungwe, hata upepo uwe mkali kiasi gani, na vumbi likaingia hadi kwenye nguo safi. Hakukubali kukunja na mtu. Binamu alijaribu siku ya kwanza, akashika pembe zake vizuri, lakini alipoanza kumwendea na ile shuka, Chapchap aliiachia chini akatoka mbio uani. Tangu hapo alikunja peke yake mezani, polepole, pembe hazikutani. Kinywa chake pia kilibadilika. Alimwambia binamu kwamba kicheko chake kinamtia kichefuchefu. Mpiga Pasi alimtupia taulo la moto mabegani kwa utani, kama alivyomfanyia miaka yote, na Chapchap akageuka akamzaba kofi hata miwani ya mzee ikaokotwa chini ya mashine.

"Yamempanda kichwani," alisema Mpiga Pasi, akiipangusa miwani. "Sote tumefiwa. Mbona mimi sijapiga mtu?"

"Mwache," alisema mwenye udobi. Aliwaambia wote wamwache, na wote wakamwacha kwelikweli. Walimwacha akila peke yake, wakamwacha akizungumza na ukuta, wakamwacha hadi ikawa mtu akiingia chumba cha kukunjia anatazama shuka kwanza.

Sasa nirudi kwenye redio, maana ndiko lilikotokea jambo. Miezi mitatu baada ya mazishi, mchezo ulileta mtu mpya. Aliitwa Mwiba. Alikuwa mwokoaji aliyefukiwa na maporomoko siku mbili pamoja na rafiki yake, akatolewa yeye peke yake. Basi akawa mtu wa matusi, wa kuficha mikate chini ya godoro, wa kurusha ngumi akiguswa bega. Kiongozi wa kikosi alikuwa mtu wa taratibu. Alimvumilia wiki, alimvumilia mwezi, mwishowe akamfungia mizigo yake na kumwambia, "Shuka mlimani. Ni mpaka utulie tu."

Nchi ilichemka, ndugu zangu. Wako waliosema Kiongozi ana haki, kikosi kizima hakiwezi kufa kwa ajili ya mtu mmoja. Wako waliosema ni katili. Watu waligombana kwenye saluni. Na pale kwenye udobi, mwenye udobi alilia. Alilia kwa ajili ya Mwiba hadi akajifuta kwa foronya iliyokuwa mkononi, yeye ambaye hakudondosha chozi kwenye kaburi la mdogo wake. Vibanio vitatu vilikwenda upande wa mlango kumlaani Kiongozi. Chapchap hakubana chake. Alikuwa kizingitini, nusu ndani nusu nje, akiwatazama.

Jumamosi redio ilikuwa na kipindi cha mashabiki, saa tisa alasiri. Mwenye udobi alipiga simu. Alipoulizwa jina aliona haya, akatazama alichoshika, akajibu, "Niite Mama Foronya." Kisha akasema maneno ambayo wengi wetu tuliyasikia, na wengine tuliyaandika kabisa.

"Huyo Kiongozi hana tofauti na yale maporomoko," alisema. "Mtu aliyevunjika haulizwi kwa nini anapiga kelele. Anaulizwa anaumwa wapi. Na anayeuliza anakaa chini, anangoja jibu, hata likichukua mwaka. Hiyo 'mpaka utulie' maana yake ni 'nenda ukafie mbali nisikuone'."

Mtangazaji alisema hajawahi kupokea simu kama ile. Kuanzia siku hiyo jina la Mama Foronya likawa maarufu. Kila Jumamosi mtangazaji mwenyewe ndiye aliyempigia, akisema, "Mama Foronya, hukumu yako leo?" Naye alihukumu. Alimhukumu daktari wa kikosi kwa kumcheka Mwiba, akamhukumu mpishi kwa kumnyima supu. Hakuna aliyemkosea Mwiba akapona mkononi mwake. Na mimi, niseme kweli, nilikuwa nikipiga makofi jikoni kwangu.

Lakini Jumamosi ile ya kwanza, simu ilipokatika, kuna mtu mwingine aliyekuwa ameyasikia maneno yale. Chapchap aliyasikia kwenye redio ya jirani, akiwa uani anaanua. Kila neno aliliamini. Alikusanya shuka alizoshika, akaziweka kikapuni, akaja chumba cha kukunjia. Jua lilikuwa bado linawaka. Mama Foronya alikuwa amekaa mezani, simu yake inalia na kulia, ujumbe juu ya ujumbe.

"Wifi, nimekusikia redioni."

"Umesikia, eh? Mtangazaji anasema simu zimejaa. Hebu ona huyu anasema nimemliza mpaka mumewe."

"Nimesikia ulivyosema kuhusu kuuliza."

"Watu wanaandika tu, hawachoki."

Chapchap alivuta kigoda akakaa karibu yake. Miezi minne hakuwa amekaa karibu na mtu. Aliweka mikono magotini, akaitazama.

"Mdogo wako hakufa palepale," alisema. "Alikuwa anazungumza."

Mama Foronya alisikia kitu kinajifunga ndani yake, taratibu, kama mlango wa stoo. Alijua kilichokuja. Alikuwa amekingoja tangu siku ya mazishi, na sasa kimekaa mbele yake kwenye kigoda. Alitazama simu. Ujumbe mwingine uliingia.

"Wifi, leo nimechoka sana," alisema. "Na Jumatatu kuna shuka mia mbili. Tuongee kesho."

"Kesho," alisema Chapchap.

Alinyanyuka, akarudisha kigoda palepale kilipokuwa. Kesho yake Mama Foronya hakuuliza, na Chapchap hakuleta tena. Wiki ikapita, na Mama Foronya akaendelea kujiambia kwamba atauliza mambo yakitulia.

Mambo hayakutulia. Hoteli ilirudisha mabunda mawili. Shuka zilikuwa zimekunjwa mshazari, nyingine zina vumbi la mlangoni, na moja ilikuwa na alama ya kiatu katikati kabisa, pale mgeni anapolaza kifua. Msimamizi wa vyumba alikuja mwenyewe, mwanamke mpole asiyepandisha sauti, akasema mara moja tu kwamba ikitokea tena watatafuta dobi mwingine. Alipoondoka, watatu walikusanyika chumba cha kukunjia. Chapchap alikuwa uani.

"Mimi sina neno na yeye," alisema binamu. "Ila nikiamka asubuhi nikikumbuka nakuja kukutana naye, natamani nisinyanyuke kitandani. Sijacheka humu ndani tangu lini?"

"Hoteli ikiondoka tumekwisha," alisema Mpiga Pasi. "Tupige vibanio yaishe. Dirishani abaki, mlangoni apumzike kwao kwanza."

Alisema nusu kwa utani, maana hivyo ndivyo alivyozoea kusema. Kisha akachukua kibanio chake cha bluu akakibana upande wa mlango, ili aonyeshe kwamba hatanii. Binamu alikaa nacho chake mkononi muda mrefu, akikifungua na kukifunga. Akakibana mlangoni. Wakamtazama Mama Foronya.

Jirani, ningependa kukuambia kwamba alipigana na moyo wake. Hakupigana. Hakuhisi kitu. Aliwaza kwamba Chapchap akiondoka, ile sentensi iliyoanzia kwenye kigoda itaondoka naye, na chumba kitakuwa chepesi. Alichukua chekundu chake akakibana kando ya vile viwili.

Chapchap aliingia na kikapu cha shuka. Alisimama kizingitini, akaviona vibanio vitatu upande mmoja na watu watatu wasiomtazama. Redio ilikuwa imezimwa, na saa kumi ilikuwa bado. Hakuhitaji kuelezwa, kwa sababu desturi ile aliijua tangu anaolewa. Aliweka kikapu chini, akaenda msumarini, akachukua kibanio chake cha mti. Akakibana upande wa mlango pamoja na vyao.

"Sasa imekuwa kauli moja," alisema.

Alifunga nguo zake kwenye mfuko wa zipu. Kabla ya kutoka alipitia chumba cha kukunjia akachukua kile kibanio cha njano, akakitia mfukoni. Mama Foronya alimsindikiza hadi getini. Alitafuta la kusema, na lililomjia ni hili.

"Ni mpaka utulie tu, wifi."

Chapchap alimtazama. Kisha alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekwishausikia mchezo huo, akaenda zake. Mama Foronya alibaki getini na maneno yale mdomoni, akiyatambua moja moja. Alirudi ndani. Saa kumi walisikiliza redio, na siku ile Kiongozi alipigiwa vibanio vitatu upande wa mlango.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri, na hilo ndilo la ajabu. Milango ilifungwa, vumbi likaisha, hoteli ikaridhika. Binamu alikunja na Mama Foronya, pembe kwa pembe. Kicheko cha binamu hakikurudi, lakini hakuna aliyelisemea hilo. Mama Foronya alikula bila kujua anakula nini. Alilala, akaamka, akahesabu shuka. Jumamosi alihukumu.

Wiki ya sita mchezo ulifika mwisho. Kiongozi alishuka mlimani peke yake kwenye mvua, akatembea hadi kijiji alichokuwa Mwiba, akapiga magoti matopeni akaomba radhi. Mwiba akamwinua. Mtaa mzima ulilia. Niliwasikia majirani zangu wakipenga makamasi kupitia ukuta. Mpiga Pasi aliondoa miwani. Binamu alijifunika uso. Mama Foronya alikaa ameshika foronya kavu.

Jumamosi mtangazaji alimpigia. "Mama Foronya, nchi nzima inakungoja. Hukumu ya mwisho?"

"Sina," alisema.

"Leo umeishiwa?"

"Nilikuwa na Mwiba nyumbani kwangu. Ni mke wa mdogo wangu. Nilimtoa."

Ilisikika karatasi ikisogezwa. Mtangazaji alicheka kicheko kifupi cha mtu asiyejua kama ametaniwa, akamshukuru, akaweka wimbo. Wimbo ulipoisha simu zikaanza kuingia. Wa kwanza alisema mwanamke yule ni mnafiki. Wa pili alisema hana tofauti na maporomoko. Wa tatu, kijana mwenye sauti nzuri, alisema mtu aliyevunjika haulizwi kwa nini anapiga kelele, anaulizwa anaumwa wapi, na huyu mama hakuuliza. Walimhukumu vizuri sana. Mama Foronya alisikiliza maneno yake mwenyewe yakirudi, moja baada ya jingine, na hakukuta hata moja la kukanusha. Alizima redio akavaa viatu.

Alikwenda kwa shangazi yake Chapchap, na huko akaelekezwa kwenye bustani moja ya miche pembezoni mwa barabara kuu. Ilikuwa sehemu isiyo na mlango wala ukuta, safu kwa safu za vifuko vyeusi vyenye miche, na wavu wa kivuli juu ya nguzo. Mwenye bustani alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye magoti ya udongo. Mama Foronya alisema anamtafuta mke wa mdogo wake.

"Amekwenda kujaza maji, anakuja," alisema yule mama. "Karibu ukae kwenye ndoo hiyo, dada. Ni mtu wako? Basi una mtu mzuri. Alipofika alikuwa mkali kama pilipili, alinivunjia jembe siku ya pili tu. Nilitaka kumfukuza."

"Kwa nini hukumfukuza?"

"Nilikuwa nimemsikia mama mmoja redioni. Mama nani yule, ana jina la kuchekesha. Mama Foronya. Alisema mtu kama huyo usimwulize kwa nini anapiga kelele, mwulize anaumwa wapi, halafu ukae ungoje. Nikasema, na mimi nijaribu. Nikamwuliza, nikakaa hapo ulipokaa. Alimwagilia safu nne nzima bila kunijibu. Ya tano akaanza kusema, akasema hadi jua likazama. Mambo ya mumewe, kwenye gari."

Mama Foronya alishika ukingo wa ndoo. "Alisema mumewe alisema nini?"

Yule mama alimtazama, kwa mara ya kwanza kwa makini. "Alisema," alijibu. "Lakini ni yake, dada, si yangu. Mwulize mwenyewe."

Kisha akasema betri za redio yake zimekufa wiki mbili sasa na amekosa mwisho wa mchezo. "Hivi Kiongozi alimfuata Mwiba?"

"Alimfuata."

"Na Mwiba akarudi naye?"

"Kwenye redio alirudi," alisema Mama Foronya.

Chapchap alikuja na keni mbili za maji. Alipomwona wifi yake hakukasirika wala hakufurahi. Aliziweka chini, akapangusa mikono.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Nimekuja kukuchukua. Mlango tutauacha wazi, yote tutayaacha wazi. Nilikukosea."

"Ulinikosea," alikubali Chapchap, bila uzito. "Hapa ni pazuri. Hapana mlango."

"Na yale uliyotaka kuniambia siku ile?"

Chapchap alitazama pembeni, kule magari yanakopita. "Siku ile nilikuja nayo yote. Kila neno nililipanga kutoka kambani hadi ulipokaa, nisilikosee, kwa sababu mengi yalikuwa yako. Sasa nimeshayatua, wifi. Yalinichukua nguvu ambayo sina tena. Usiniombe niyabebe mara ya pili."

"Niambie moja tu."

"Alikutaja," alisema Chapchap. Akaikamata keni moja kwa mikono miwili, na Mama Foronya akaona kwamba akisukuma zaidi atamvunja upya. Hakusukuma. Hilo, angalau, alilifanya.

Upepo ulikuwa umefungua wavu wa kivuli upande mmoja, ukaanguka. Yule mama alishika ncha zake mbili akasimama anangoja, wala hakumsogelea mtu. Chapchap alikwenda akashika zile nyingine. Wakauvuta hadi ukanyooka, wakakutanisha pembe, na Chapchap mwenyewe ndiye aliyemwendea mwenzake kumkabidhi ncha zake. Waliachana, wakakutana, wakaachana tena. Kwenye mfuko wa aproni yake palibanwa kibanio cha njano. Mama Foronya alikaa kwenye ndoo akitazama hadi walipomaliza.

Mpaka leo anakwenda pale kila Jumamosi, saa ileile ya kipindi. Anachukua keni, anamwagilia, hasemi sana. Aliyosema mdogo wake kwa masaa matatu hajaambiwa. Huenda ataambiwa, huenda hataambiwa. Kule kwenye udobi kamba ya vibanio imekatwa, na redio ameichukua Mpiga Pasi kwake.

Funzo

Ndugu zangu, sisemi tusisikilize michezo, wala tusiwalilie watu wa kubuni. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na maneno yale yalikuwa mema. Ushahidi ni kwamba yalimponya mtu kule bustanini. Kosa ni kuyatoa yote kwa mtu asiyekuwepo, na aliye chumba cha pili akapata mabaki.

Kumhurumia mtu wa mchezoni ni rahisi, na sababu ninaijua. Mchezo hutuonyesha maporomoko kwanza, ndipo tukasikia matusi. Nyumbani tunasikia matusi tu. Masaa matatu ya korongoni hatukuwemo, na mwenye kuyajua hatayasema mpaka aulizwe na mtu aliyekaa chini. Mwiba hachafui shuka zetu, hatupigi kofi, wala kumpenda hakutugharimu asubuhi hata moja.

Kwa hiyo safari nyingine ukijikuta unamhukumu Kiongozi wa mchezo wowote kwa jinsi alivyomtendea mwenzake mgumu, hukumu tu, una haki yako. Kisha zima redio, tazama nani ndani ya nyumba yako au kazini kwako amekaa peke yake karibu na mlango. Nenda ukamwulize anaumwa wapi. Na siku akivuta kigoda kuja kukujibu, usimwambie kesho.